Kuku kwa Mbwa: Kipi Apewe, Kipi Anyimwe

Nyama ya kuku iliyoiva, isiyo na mfupa wala viungo, ni chakula kizuri kwa mbwa. Gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi zina takriban gramu 31 za protini, mafuta yasiyofika gramu 4 na nguvu ya kilokalori 165. Tumbo la mbwa huimeng'enya bila taabu. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huelekeza mbwa anayepona kuharisha alishwe kuku wa kuchemsha na wali laini kwa siku mbili tatu.

Mbwa wa kijijini, hata hivyo, ni nadra kuionja nyama hiyo. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuku wa kienyeji huchinjwa akija mgeni, ikifika sikukuu au akiugua mtu nyumbani. Kidari na mapaja huliwa na watu, na firigisi katika familia nyingi humwendea baba. Kinachomfikia mbwa ni mifupa iliyokwisha kutafunwa, utumbo, kichwa, na wakati mwingine mzoga mzima wa kuku aliyekufa kwa ugonjwa. Mbwa huishia kupata sehemu zenye hatari kubwa kuliko zote. Habari njema ni kwamba mengi ya mabaki hayo yanaweza kuwa chakula salama, mradi yatenganishwe mapema na kupikwa inavyotakiwa.

Kwa nini ugali mtupu hautoshi

Mbwa wa wilaya hizi ni mlinzi. Hulinda nyumba usiku, huandamana na mbuzi malishoni, na hufukuza ngedere na nyani mashambani, hasa katika vijiji vilivyo jirani na misitu na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Chakula chake cha kila siku ni ugali wa mahindi au wa mihogo, pamoja na makombo ya familia.

Ugali wenyewe haumdhuru. Mwaka 2013 watafiti kutoka Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu ambaye mbwa alitokana naye, ana vinasaba vinavyomwezesha kumeng'enya wanga vizuri. Hayo ni matunda ya maelfu ya miaka ya kuishi karibu na wakulima. Lakini wanga humpa nguvu tu. Haumjengei misuli, manyoya wala kinga. Unga wa dona una protini ya takriban asilimia 8 hadi 9, na unga wa muhogo hauna hata asilimia 3. Viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wa chakula cha mbwa nchini Marekani vinataka angalau asilimia 18 ya uzito mkavu wa chakula cha mbwa mzima iwe protini, na asilimia 22.5 kwa watoto wa mbwa na majike wenye mimba au wanaonyonyesha.

Mbwa anayelishwa ugali mtupu hukonda mgongo, manyoya yake hupoteza mng'ao, vidonda vyake huchelewa kupona na watoto wake huzaliwa dhaifu. Nyama kidogo ya kuku ikichanganywa kwenye ugali huziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Huu pia ni wajibu wa kisheria: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula na maji yanayomfaa.

Mifupa iliyopikwa

Hatari ya kwanza ni mfupa uliopikwa. Mfupa wa ndege ni mwembamba na una uwazi ndani. Ukichemshwa, ukikaangwa au ukichomwa, hukauka na kupoteza ule unyumbufu uliokuwa nao ukiwa mbichi. Mbwa akiutafuna haupondeki. Hupasuka vipande vyenye ncha kali kama vijiti vya mwanzi. Kipande kinaweza kukwama kooni au kwenye umio, kukwaruza tumbo au kutoboa utumbo. Utumbo ukitoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo, na bila upasuaji wa haraka mbwa hufa. Hata vipande visivyotoboa vinaweza kujikusanya mwishoni mwa utumbo mpana vikawa donge gumu, na mbwa akashindwa kupata haja.

Wafugaji wengi hujibu kwamba mbwa wao wamekula mifupa miaka yote bila kudhurika. Ni kweli kwamba mara nyingi mfupa hupita, kwa kuwa asidi ya tumbo la mbwa huweza kuulainisha. Lakini mbwa aliyetobolewa utumbo hufa siku kadhaa baadaye, amejilaza mahali pa faragha, na kifo chake hudhaniwa ni sumu au homa. Hivyo idadi ya mbwa wanaouawa na mifupa huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Aina ya kuku hubadilisha kiwango cha hatari bila kuiondoa. Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa yake ikiwa bado laini. Kuku wa kienyeji aliyekaa mwaka mzima, na kuku wa mayai aliyekoma kutaga, wana mifupa iliyokomaa ambayo hupasuka vibaya zaidi. Katika miji midogo ya barabarani inayohudumia malori yaendayo Rwanda na Burundi, kama Benaco na Nyakanazi, mbwa wanaozurura hula mifupa ya kuku wa kuchoma na wa kukaanga inayotupwa karibu na vibanda vya chakula. Pipa lenye mfuniko au shimo la taka lililofunikwa lingewaokoa mbwa wengi.

Nyama mbichi na vijidudu vyake

Wapo wanaoona kwamba, kwa kuwa mfupa uliopikwa ni hatari, dawa ni kumpa mbwa kuku mbichi. Mfupa mbichi kweli ni laini zaidi, lakini nyama mbichi ya kuku hubeba bakteria, hasa Salmonela na Kampilobakta, wanaoishi kwenye utumbo wa kuku bila kumwonyesha dalili. Mbwa mwenye afya anaweza kuwameza asiugue, kisha akawatoa kwenye kinyesi na mate kwa siku nyingi. Watoto wanaocheza naye uani, wazee, wajawazito na watu wenye kinga dhaifu ndio huambukizwa, nao hupata homa na kuharisha kukali.

Mbwa mwenyewe pia hayuko salama. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walihusisha ulaji wa kuku mbichi, hasa shingo, na ugonjwa wa neva unaoanza kwa udhaifu wa miguu ya nyuma na kuishia kwenye kupooza. Kampilobakta ndiye aliyeshukiwa kuwa chanzo: mwili wa mbwa, ukipambana naye, hushambulia pia neva zake wenyewe.

Moto humaliza hatari hii. Vijidudu hivyo hufa nyama ikifikia nyuzi 74 za Selsiasi ndani kabisa. Katika milima ya Ngara, kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 95 badala ya 100. Hiyo haipunguzi usalama, kwa kuwa bado ni juu ya kiwango kinachotakiwa. Nyama huchelewa kidogo tu kulainika. Asiye na kipimajoto atazame nyama iliyo karibu na mfupa: ikiwa haina wekundu na maji yanayotoka ni meupe, imeiva.

Mzoga si chakula

Kideri, ambacho wengi hukiita mdondo, huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Mizoga inapozidi, kuitupia mbwa huonekana njia rahisi ya kuiondoa. Kirusi cha kideri kwa kawaida hakimwuguzi mbwa. Lakini mbwa huburuta mzoga kutoka ua hadi ua, akadondosha manyoya na vipande vya utumbo, na kuku wa jirani wakaambukizwa. Familia inayolisha mbwa mizoga ya kideri inasaidia kuusambaza ugonjwa uliomaliza banda lake.

Kuku aliyekufa mwenyewe anaweza pia kuwa amekufa kwa homa ya matumbo ya kuku, ambayo husababishwa na jamii ya Salmonela. Au kwa kula nafaka iliyowekwa dawa ya panya. Au kwa dawa ya kuua viroboto iliyozidishwa. Sumu hizo humfikia mbwa kupitia nyama, nazo kwa sehemu kubwa haziondoki kwa kupikwa. Mafua makali ya ndege yanastahili tahadhari ya pekee. Nchini Thailand mwaka 2004 mbwa alikufa baada ya kula bata wenye kirusi cha H5N1, na Kanada mwaka 2023 mbwa mwingine alikufa baada ya kutafuna bata bukini wa porini aliyeambukizwa. Uganda, inayopakana na Kagera, ilithibitisha mlipuko wa kirusi cha H5N8 Januari 2017 kwa ndege wa porini kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, na kwa kuku na bata wa kufugwa wilayani Masaka.

Kanuni ni moja: kuku aliyekufa bila kuchinjwa haliwi na mtu wala mbwa. Achomwe moto au azikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, na vifo vya kuku wengi kwa pamoja viripotiwe kwa ofisa mifugo wa kata. Kinga ya kideri ipo na ni nafuu. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto huzalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

  

Mchuzi, chumvi na kitunguu

Nyama iliyoiva vizuri bado inaweza kumdhuru mbwa kwa sababu ya viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vya kukaangwa au vya unga, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Madhara makubwa huonekana mbwa akila takriban gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 10 hizo ni kuanzia gramu 150, sawa na kitunguu kimoja kikubwa. Mchuzi wa siku moja huenda usifike kipimo hicho, lakini kiasi kidogo kinachotolewa kila siku nacho huharibu damu. Ufizi wa mbwa hupauka, mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, naye huhema na kuchoka haraka.

Chumvi nyingi na vipande vya viungo vya supu humletea kiu kali na kutapika. Mafuta yana hatari yake: ngozi ya kuku wa kukaanga na mafuta yaliyobaki kikaangoni yanaweza kuvimbisha kongosho ghafla. Mbwa hutapika, tumbo humuuma hadi akakunja mgongo, na anaweza kufa. Ngozi iliyochemshwa si sumu, lakini itolewe kidogo, na mbwa mnene asipewe kabisa.

Kumgawa kuku mmoja kwa watu na mbwa

Kazi huanza siku ya kuchinja, kabla ya kitunguu kuingia sufuriani. Mgongo, shingo, kichwa, miguu, ncha za mabawa na utumbo hutengwa kwenye chombo chao. Utumbo hupasuliwa kwa urefu na kuoshwa kwa maji mengi; nyongo na mfuko wa chakula wa shingoni hutupwa, kucha hukatwa na mdomo wa kuku huondolewa.

Vyote huchemshwa kwa maji bila chumvi wala kiungo kwa muda wa saa moja au zaidi, mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Mchuzi huchujwa. Nyama, ngozi ya miguu na utumbo huchambuliwa kwa vidole, na kila mfupa, hata ule mdogo wa kidoleni, hutolewa. Mifupa hutupwa chooni au kwenye shimo lililofunikwa. Mchuzi uliobaki, wenye ladha yote ya kuku, hupikiwa ugali wa mbwa. Kwa njia hii mifupa humfaa mbwa bila yeye kuimeza.

Maini yana vitamini na madini mengi, lakini vitamini A yake hujilimbikiza mwilini, hivyo ini la kuku mmoja mara moja au mbili kwa wiki linatosha. Mapafu, moyo na firigisi havina tatizo vikiiva.

Usafi ni sehemu ya mapishi. Kisu na ubao vilivyotumika kwa kuku mbichi huoshwa kwa sabuni kabla ya kukatia mboga, na chombo cha mbwa huoshwa kila siku mbali na vyombo vya watu. Nyumba isiyo na jokofu ipike kinachotosha siku hiyo. Nyama iliyoiva isikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kwa kuwa vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60.

Kiasi cha kumpa

Mbwa wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15 huhitaji takriban kilokalori 850 kwa siku. Akifanya kazi nyingi au akinyonyesha, huhitaji zaidi. Mlo wake wa siku unaweza kuwa gramu 200 za unga wa dona, yaani kikombe kimoja na nusu hivi, uliopikwa kwa mchuzi wa kuku, pamoja na gramu 100 za nyama iliyochambuliwa. Mlo huo una protini ya karibu asilimia 20 ya uzito mkavu. Ukipikwa kwa unga wa muhogo, protini hushuka hadi kama asilimia 14, hivyo uongezewe dagaa au maharage yaliyoiva sana. Siku ambazo hakuna kuku, ambazo ndizo nyingi, gramu 40 hadi 50 za dagaa wakavu waliooshwa mchanga hushika nafasi yake.

Unga uwe safi. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa haraka na sumu hiyo, ambayo huua ini. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayamfai mbwa.

Nyama bila mfupa ina upungufu mmoja mkubwa: kalsiamu yake ni kidogo mno ikilinganishwa na fosforasi. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu mwili wake huchukua kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu hupinda na mifupa huvunjika kwa kuruka tu. Dagaa wanaoliwa wazima hurekebisha upungufu huo. Njia nyingine ni maganda ya mayai: yachemshwe, yakaushwe na kusagwa yawe unga laini. Nusu kijiko cha chai kina takriban gramu moja ya kalsiamu, ambayo ni mahitaji ya siku ya mbwa mzima wa kilo 15. Mbwa mdogo agawiwe chakula mara tatu au nne kwa siku, na mkubwa mara mbili.

Ikiwa mbwa tayari analishwa chakula cha dukani kilichokamilika, kuku awe kitoweo tu, asizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya siku. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni kama gramu 50 za nyama isiyo na ngozi.

Wapo mbwa wasioelewana na kuku kabisa. Nyama hii ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio kwa mbwa mara nyingi, pamoja na nyama ya ng'ombe na maziwa. Dalili ni kujikuna bila kukoma, masikio yanayovimba na kulamba nyayo. Viroboto na upele vitibiwe kwanza, kwa kuwa ndivyo visababishi vya kawaida. Kuwashwa kukiendelea, kuku aondolewe kwenye mlo kwa wiki nane ili kuona kama mbwa atapata nafuu.

Je, mbwa atageuka mla kuku?

Hofu hii ni kubwa, na imewafanya wengi wakatae kumpa mbwa nyama ya kuku. Kinachomvuta mbwa kumkimbiza kuku ni kuku kukurupuka, jambo linaloamsha silika ya kuwinda, na njaa huizidisha. Nyama iliyopikwa na kuchanganywa na ugali haifanani na kuku aliye hai, si kwa umbo wala kwa harufu. Vinavyoweza kumfundisha ni vichwa vyenye manyoya, damu na utumbo mbichi vinavyotupwa uani. Mbwa aliyezoeshwa kuishi na vifaranga tangu mdogo, na anayeshiba, mara nyingi huwaacha kuku kwa amani.

Dalili za hatari

Mbwa aliyemeza mfupa asitapishwe, maana ncha iliyopita salama inaweza kuchoma njiani ikirudi. Apewe chakula laini na kuangaliwa kwa siku tatu. Akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, tumbo likivimba au kuwa gumu, akipata haja yenye damu au akijikamua bila kupata haja, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dalili moja inamtaka binadamu ajihadhari mwenyewe kabla ya kumhudumia mbwa. Mbwa aliyeachama mdomo, anayetokwa udenda, asiyeweza kumeza na ambaye sauti yake imebadilika, huonekana kama aliyekwamwa na mfupa, na mwenye huruma huingiza mkono kuutoa. Hali hiyo hiyo ndiyo sura ya kichaa cha mbwa cha kupooza, na mate yake huambukiza kupitia mchubuko mdogo wa kidole. Mkono usiingizwe mdomoni mwa mbwa wa namna hiyo, hasa kama hajachanjwa. Afungiwe mahali salama na ofisa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe sehemu hiyo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja kupata chanjo, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka humpunguzia sana mwenye nyumba shaka hiyo, na dalili kama hizo zikitokea, mfupa ndio hufikiriwa kwanza.